Meza ya jikoni iliyofungua mishipa ya moyo

Binadamu ana madeni ya aina nyingi, na si yote yanayolipika kwa fedha. Mimi nina deni la mtu ambaye sikupata kumwona kwa macho, ambaye hakulijua jina langu, na ambaye alikuwa ameiaga dunia miaka thelathini na mmoja kabla sijamhitaji. Kwa kuwa marehemu hapelekewi hundi, leo nimeazimia kumlipa kwa kalamu.

Mnamo Novemba, 2016, niliamka alfajiri kifua kikinibana mithili ya mtu aliyeangukiwa na gunia la mahindi. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi na jasho jembamba likanitiririka. Katika zahanati ya kwanza niliyokimbizwa, ambayo sitaitaja, nilipewa dawa ya kutuliza asidi ya tumbo nikaambiwa nirudi nyumbani nikapumzike. Lau si ukaidi wa mke wangu, aliyekataa katakata kunirudisha nyumbani, makala haya yasingeandikwa. Kufikia jioni nilikuwa nimelala chali katika hospitali moja jijini Nairobi, nikiwa macho kabisa, nikitazama kwenye skrini mrija mwembamba kama ugwe ukipenya kutoka kifundo cha mkono hadi moyoni mwangu. Karibu na ncha yake palikuwa na puto dogo. Puto likajazwa, mshipa ukafunguka, na lile gunia likaondoka kifuani.

Nilipopata nafuu nilimwuliza daktari ni nani aliyebuni maajabu yale. Akanitajia jina la Andreas Grüntzig. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasaka maisha yake, na kadiri ninavyoyafahamu ndivyo ninavyoamini kwamba yanatuhusu sisi zaidi ya tunavyodhani.

Grüntzig alizaliwa Juni 25, 1939, mjini Dresden, Ujerumani, miezi miwili tu na ushei kabla ya Vita Vikuu vya Pili kuzuka. Vita hivyo vilimmeza baba yake, na mama akaachwa na wavulana wawili wa kulea, Johannes na Andreas. Mnamo 1950 familia ilikwenda kujaribu bahati Argentina, lakini ugeni ukawashinda, wakarejea Leipzig, upande wa mashariki uliokuwa chini ya utawala wa Kikomunisti. Huko kijana alimaliza shule mnamo 1957, kisha akavuka kwenda magharibi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Heidelberg na kuhitimu mwaka wa 1964.

Mwanzoni hakujishughulisha na mirija wala maputo. Alichunguza jinsi maradhi yanavyoenea miongoni mwa watu na mazoea yanayoyaleta. Baadaye alifanya kazi katika kliniki moja mjini Darmstadt, ambako aliwahudumia watu walioziba mishipa ya miguu. Nadhani huko ndiko alikoiona adha yenyewe uso kwa uso. Mishipa ya ateri husafirisha damu kutoka moyoni kwenda viungoni. Mafuta yakigandamana kwenye kuta zake, njia hubana kidogo kidogo bila kelele. Ikibana mguuni, mguu huoza. Ikibana kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe, moyo hukosa hewa na kufa kipande kipande. Enzi hizo dawa ya mguu aghalabu ilikuwa msumeno, na ya moyo ilikuwa kupasua kifua na kushonea mshipa mwingine ili damu ipite kando ya kizibo.

Mgala muue na haki yake mpe: aliyefungua njia hakuwa Grüntzig. Alikuwa Mmarekani Charles Dotter, mtaalamu wa eksirei wa mjini Portland, Oregon. Januari 16, 1964, alimhudumia ajuza wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu uliokuwa ukioza. Dotter alipitisha mirija ndani ya mshipa wa bibi huyo, mnene juu ya mwembamba, akaupanua. Mguu ukapona, na ajuza akaendelea kuutembelea hadi alipofariki zaidi ya miaka miwili baadaye. Hata hivyo, madaktari wengi wa Marekani walimwona Dotter kuwa mwendawazimu. Ni Ulaya iliyomsikiliza, na Mjerumani Eberhart Zeitler ndiye aliyemfunza Grüntzig mbinu hiyo.

Mwanafunzi aliona kasoro ya mwalimu. Mirija ile ilikuwa minene. Ilihitaji tundu kubwa mwilini na haikuweza kufikishwa katika mishipa myembamba ya moyo. Grüntzig akawaza: je, kwa nini mrija usiingie ukiwa mwembamba, kisha ukavimba mahali penye kizibo pekee? Wazo lilikuwa jepesi kulitaja lakini zito kulitenda. Puto la mpira likijazwa ndani ya mshipa uliobana hufuata penye ulaini. Huvimba mbele na nyuma ya kizibo na kukiacha kama kilivyo. Lilihitajika puto lisilonyumbuka, linalojaa hadi kipimo kilichokusudiwa na kukomea hapo.

Sasa, msomaji wangu, nakuomba utue nami hapa kidogo. Mtu huyu, aliyehamia Zurich, Uswisi, mwaka wa 1969, hakupewa maabara wala ruzuku ya kifahari. Alitumia meza ya jikoni nyumbani kwake. Baada ya kazi za hospitalini, yeye na mkewe Michaela, pamoja na msaidizi wake Maria Schlumpf na mumewe Walter, waliketi hapo usiku baada ya usiku wakiwa na nyembe, nyuzi, gundi na vipande vya mirija. Walikata, wakagundisha, wakajaza, puto likapasuka, wakaanza upya. Ufumbuzi ulitokana na ushauri wa mkemia mstaafu, Profesa Heinrich Hopff, aliyemwelekeza kwenye plastiki ya PVC, jamaa ya ile itumiwayo kutengenezea mabomba ya maji majumbani mwetu. Februari 12, 1974, puto hilo liliingizwa kwa mara ya kwanza katika mshipa wa mguu wa mgonjwa, na njia ikafunguka.

Kutoka mguuni hadi moyoni palikuwa na safari nyingine. Aliunda mrija wenye njia mbili ndani yake, moja ya kujaza puto na nyingine ya kupima shinikizo la damu na kupitishia rangi ionekanayo kwenye eksirei. Mwaka wa 1975 aliujaribu kwa mbwa. Mwaka uliofuata alipeleka matokeo yake kwenye mkutano wa madaktari wa moyo huko Florida, na wengi waliyatazama kwa shaka. Mnamo Mei, 1977, akishirikiana na Richard Myler mjini San Francisco, alilitumia puto kwa wagonjwa waliokuwa tayari wamepasuliwa vifua.

Hatimaye ikawadia Septemba 16, 1977. Mjini Zurich alikuwapo mgonjwa wa miaka 38, umri sawa na wa daktari wake, mshipa mkuu wa mbele ya moyo wake ukiwa umebana. Alikuwa akisubiri kupasuliwa. Grüntzig alimweleza bila kumficha kwamba yeye angekuwa wa kwanza duniani, naye akakubali. Madaktari wa upasuaji walikaa chonjo, tayari kuingilia kati mambo yakienda mrama. Puto lilijazwa mara mbili, mgonjwa akiwa macho. Damu ikapita. Miaka kumi baadaye mshipa ule ulipigwa picha tena, ukakutwa ungali wazi.

Wako wanaohadithia siku hiyo kana kwamba ni ushujaa wa mtu mmoja. Mimi ninamwona na mwingine amesimama nyuma yake. Huyo ni Åke Senning, mkuu wa upasuaji wa hospitali hiyo, ambaye mwaka wa 1958 alikuwa wa kwanza kupandikiza mwilini mwa mgonjwa kifaa cha kuusukuma moyo upige. Senning alijua fika kwamba puto likifaulu lingewapunguzia wapasuaji kazi. Angeweza kumfungia kijana mlango kwa neno moja. Badala yake alimwazima wasaidizi wake na chumba chake cha upasuaji. Ukubwa wa namna hiyo ni adimu kuliko almasi.

Baada ya kufaulu, Grüntzig alijiepusha na majivuno. Alitangaza hadharani kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu mshipa wake hubana tena baada ya miezi michache. Alisisitiza kwamba kila mgonjwa aandikwe katika daftari la pamoja, aliyepona na asiyepona. Kuanzia 1978 aliwaalika madaktari Zurich wamtazame akifanya kazi moja kwa moja kwenye televisheni, ili hata akikosea wamwone. Mnamo 1980 alihamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani, alikopata vitanda na vyumba vya kumtosha.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mtu wa papara na mpenda kasi. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, na alirusha ndege yake mwenyewe hata anga ilipokunja uso. Oktoba 27, 1985, ndege hiyo ilianguka karibu na Forsyth, Georgia, katika hali mbaya ya hewa. Yeye na mkewe wa pili, Margaret Anne, ambaye pia alikuwa daktari, walifariki papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 46. Dotter naye alikuwa ameaga dunia Februari mwaka uo huo. Wote wawili hawakuishi kuona mwaka wa 1986, ambapo madaktari wa Toulouse na Lausanne walianza kuacha wavu mdogo wa chuma ndani ya mshipa wa moyo ili usibane tena. Wavu wa jinsi hiyo umo kifuani mwangu ninapoandika.

Na hapa ndipo deni langu linapokuwa chungu. Ili niingie katika chumba kile, jamaa zangu walichanga na kipande cha shamba kikauzwa. Mwaka uliofuata jirani yangu, mwalimu mstaafu, alishikwa na maumivu yale yale. Naye aliambiwa ni tumbo. Hakuwa na mke mkaidi, kwani alikuwa mjane, wala hakuwa na shamba la kuuza. Tulimzika siku ya Jumamosi. Puto lililobuniwa kwa nyembe na gundi limekuwa kwetu mali ya wenye nacho.

Sidai kwamba kila kaunti ijenge kesho chumba cha mirija ya moyo. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Tangu 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kila hospitali ya kaunti na iwe na mashine ya kupima mapigo ya moyo inayofanya kazi, mhudumu anayejua kuisoma, vidonge vya aspirini, na gari la kumkimbiza mgonjwa. Maumivu ya kifua ya mtu mzima yasiitwe tumbo kabla moyo haujapimwa. Nasi wananchi tusisubiri puto: tupime shinikizo la damu, tuache tumbaku, tupunguze chumvi na mafuta. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Vilevile, viongozi wa vyuo na hospitali zetu wajiulize ni vijana wangapi wamewajia na kifaa walichokiunda mezani kwa mama zao, wakaombwa barua, mhuri na barua nyingine hadi wakachoka. Sina shaka kwamba akina Grüntzig wamo humu nchini, pengine huko jua kali. Ninaowatafuta ni akina Senning.