Denis Burkitt, tabibu aliyechora ramani ya saratani ya watoto

Miji ya Tororo na Busia, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, imo katika ukanda wa joto, mvua na mbu. Ukanda huo ndio uliompa umaarufu Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland mwaka 1911, aliyepoteza jicho moja utotoni lakini akawa daktari wa upasuaji. Alianza kazi Uganda mwaka 1946.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Tangu hapo hakutulia. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walisafiri takriban kilomita 16,000 kwa gari kuukuu, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Karibu na ikweta, ugonjwa huo ulikuwa nadra mahali palipozidi mita 1,500. Tororo na Busia ziko chini ya kimo hicho. Miteremko ya juu ya Mlima Elgon, jirani yake, imekipita.

Chembe nyeupe za damu zina kazi mbalimbali. Neutrofili na monosaiti humeza vijidudu. Eosinofili hukabiliana na minyoo. Basofili, zilizo chache mno, huchochea mwasho na uvimbe wa mzio. Limfosaiti B hutengeneza kingamwili, na limfosaiti T huua seli zilizoambukizwa. Saratani aliyoifuatilia Burkitt huanzia kwenye limfosaiti B, yaani mlinzi ndiye anayeasi.

Mwaka 1964 Anthony Epstein, aliyewahi kumsikiliza Burkitt akihutubia London, na wenzake wawili walitangaza kugundua kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Watu wengi duniani wanacho, nacho hudhibitiwa na limfosaiti T. Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha udhibiti huo na kuzichochea limfosaiti B zigawanyike kupita kiasi. Ndiyo maana ramani ya Burkitt ilifanana na ile ya malaria.

Kampala haikuwa na mashine za mionzi, hivyo Burkitt alijaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu, jambo la ajabu kwa saratani ya zama zile. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 82. Uvimbe unaoitwa kwa jina lake waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na mara nyingi dalili ya kwanza ni meno ya mtoto kulegea.