Mtakatifu Eulogius: Padre Aliyerudi na Nyimbo

Katika Jubilei hii, sisi wanakwaya tunamkumbuka Mtakatifu Eulogius, padre wa Cordoba, Hispania, wa karne ya 9. Mji huo ulikuwa chini ya utawala wa Kiislamu. Wakristo waliruhusiwa kusali, ila walitozwa kodi yao, na vijana wengi walikipenda Kiarabu hata Kilatini, lugha ya ibada yao, kikaanza kuwatoka. Eulogius hakukubali urithi huo upotee. Alisafiri hadi monasteri za kaskazini, upande wa Pamplona, akarudi na vitabu, vikiwemo vya nyimbo za Kanisa, akawapa wenzake wasome. Mwaka 851 alifungwa; humo gerezani alijifunza mizani ya mashairi ya Kilatini, na alipotoka akawafundisha wengine. Baadaye alimficha Leocritia, msichana wa familia ya Kiislamu aliyebatizwa kwa siri. Wote wawili walikamatwa. Eulogius alikatwa kichwa tarehe 11 Machi 859, naye Leocritia siku nne baadaye. Sisi tunaofungua vitabu vya nyimbo kila Jumapili bila hofu, je, tutawarithisha watoto wetu nini? Mtakatifu Eulogius, utuombee.