Henry Ford na Baridi ya Abiria

Msafiri anayetoka Migori kwenda Homa Bay alfajiri hufunga tu dirisha la matatu, na joto la abiria wenzake humtosha. Waliopanda magari ya kwanza ya Henry Ford huko Marekani hawakujaliwa hivyo.

Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863, mwana wa mkulima katika jimbo la Michigan, ambako majira ya baridi hugandisha maji. Aliasisi kampuni yake mwaka 1903, na mwaka 1908 akatoa gari la Model T. Azma yake ilikuwa kuunda gari ambalo hata mkulima angelimudu. Kufikia 1927 yalikuwa yameundwa zaidi ya milioni 15.

Hata hivyo, mengi ya awali yalikuwa wazi ubavuni, wala hayakuwa na chombo cha kupasha joto. Abiria walijifunika mablanketi mazito na kuweka miguuni mawe yaliyopashwa moto au visanduku vya makaa. Wengine walifunga vifaa vya kuchota joto kwenye bomba la moshi wa injini. Lakini bomba lilipovuja, moshi wenye sumu uliingia garini.

Ford alifariki usiku wa tarehe 7 Aprili 1947. Mafuriko ya mto Rouge yalikuwa yamekata umeme nyumbani kwake, kwa hiyo tajiri huyo alikata roho kwa mwanga wa mishumaa, nyumba ikipashwa joto kwa kuni. Aliyewapa wengi gari alimaliza safari yake kando ya moto ule ule ambao abiria wake wa kwanza waliuacha nyumbani.