Mamo Wolde na swali la mchezaji aliyezeeka

Wenzangu, likizo iliyopita nilirudi nyumbani Ihanda, kule Karagwe, nikakuta kikao cha timu ya mtaani kinanisubiri. Kwa sababu niko chuo, nikapewa ukatibu hapohapo. Ajenda ilikuwa moja: winga wetu wa miaka 36 apewe msimu mwingine au aachwe?

Msidhani mikataba yetu ni kama ya Simba na Yanga. Ni karatasi ya daftari: jezi, nauli ya bodaboda siku ya mechi, na chakula baada ya mchezo. Lakini kwa yule kaka ilikuwa heshima yake. Vijana walidai ameisha, awapishe. Wazee walikumbusha alikotutoa. Kura zikalingana, ikabaki yangu. Nikaomba siku tatu, na siku hizo zote nilikuwa namfikiria Mhabeshi mmoja aliyeitwa Mamo Wolde.

Mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, Watanzania tunazijua kwa mtu aliyemaliza mwisho. John Stephen Akhwari wetu alianguka, akaumia goti, akafika uwanjani akichechemea. Sasa muulize mwenzako hapo bwenini nani alikuwa wa kwanza. Wengi watakaa kimya.

Wa kwanza alikuwa Mamo, na alikuwa na miaka 36.

Alizaliwa kijijini nchini Ethiopia, Juni 1932. Mwaka 1951 akajiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na humo ndimo alimokua kimichezo. Olimpiki ya Melbourne, mwaka 1956, alikimbia mita 800 na mita 1500, akatoka mikono mitupu. Roma, mwaka 1960, hakushiriki kabisa, na huko ndiko mwenzake wa kikosini, Abebe Bikila, alikoshinda marathoni akiwa pekupeku na kuwa shujaa wa Afrika nzima. Tokyo, mwaka 1964, Abebe akashinda tena. Mamo alikuwa wa nne kwenye mita 10,000, na marathoni hakuimaliza.

Hebu jiweke kwenye kamati ya kuchagua timu baada ya pale. Una mtu wa miaka 32, Olimpiki mbili, hana medali hata moja. Kweli ungempa nafasi ya tatu? Mimi, kwa akili niliyokwenda nayo kwenye kikao kile, ningemkata.

Waethiopia hawakumkata. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na wakimbiaji wengi wa nchi tambarare pumzi iliwakatika. Mamo alizoea milima. Kwanza alichukua medali ya fedha kwenye mita 10,000, nyuma ya Naftali Temu wa Kenya. Wiki moja baadaye akasimama kwenye mstari wa marathoni pamoja na Abebe.

Hapa ndipo pa kutuliza akili. Abebe naye alikuwa na miaka 36. Alizaliwa Agosti ya mwaka uleule wa 1932. Umri mmoja, kikosi kimoja, mbio moja. Abebe alikuwa na ufa kwenye mfupa wa mguu, akatoka njiani kwenye kilomita ya 17 hivi. Mamo akaendelea, akashinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26, akimwacha Mjapani Kenji Kimihara kwa zaidi ya dakika tatu. Miaka minne baadaye, mjini Munich, akiwa na miaka 40, akapata medali ya shaba.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Miaka ya tisini aliwekwa ndani, akituhumiwa kuhusika na mauaji ya enzi ya utawala wa Derg. Alikana kuua. Alikaa mahabusu miaka mingi kabla ya hukumu. Ilipotoka mwaka 2002, kifungo kilikuwa kifupi kuliko muda aliokwisha kukaa, akaachiwa. Mei mwaka huohuo akafariki.

Basi, siku tatu zikaisha, nikarudi kikaoni. Niliwaambia kwamba pande zote mbili tumekosea. Vijana wanahesabu miaka, wazee wanahesabu magoli ya zamani. Kama miaka ingekuwa kipimo, Mamo asingekwenda Mexico. Kama jina lingekuwa kipimo, Abebe angeshinda siku ile. Kilichoamua ni miguu ya siku hiyo. Nikapendekeza mechi tatu za mazoezi, kaka yetu na vijana wawili wakigombea nafasi moja, kila mtu akiona kwa macho yake.

Kijana mmoja alimshinda, tena waziwazi. Wa pili alishindwa. Kaka akapewa karatasi ya nusu msimu, kama mchezaji wa akiba. Niliogopa atasusa. Aliisoma taratibu, akatia saini, akaenda kumwonyesha yule kijana namna ya kupiga krosi kwa mguu wa kushoto.

Huku chuoni nako tunaunda timu muhula huu, na nimeshasikia watu wakiulizana miaka. Tuwapeleke uwanjani kwanza.