Zheng He, Amiri wa Bahari wa China

Zheng He alizaliwa mwaka 1371 katika jimbo la Yunnan, China, na baba yake alikuwa Mwislamu aliyehiji Makka. Angali mtoto alitekwa na majeshi ya Ming, akahasiwa, akatiwa katika utumishi wa mwana wa mfalme. Bwana wake aliposhika ufalme, alimkabidhi merikebu. Tangu 1405 hata 1433 aliongoza safari saba. Merikebu zake zilifika Bara Hindi, Hormuz, Aden na pwani yetu. Twiga wa Malindi alipopelekwa China mwaka 1415, alidhaniwa kuwa qilin, mnyama wa hadithi zao atokeaye zama za mfalme mwadilifu. Zheng He alipokwisha kufa, wakubwa wa dola walizikomesha safari, na nyingi katika kumbukumbu zake zikapotea. Tuzingatie: elimu isiyorithishwa huzikwa na mwenyewe.