Maisha ya Herbert Chapman na Habari ya Namba Tano

Ukipanda daladala kutoka Igoma kwenda mjini siku ya Jumamosi, hukosi kumwona mtu aliyevaa jezi nyekundu yenye mikono myeupe. Ni jezi ya Arsenal ya London, na hapa shuleni petu wapenzi wa timu hiyo ni wengi mno. Lakini nilipouliza bwenini ni nani aliyeitia jezi hiyo mikono myeupe, na kwa nini mchezaji wa namba tano husimama nyuma karibu na mlinda mlango, sikupata jibu. Mambo hayo mawili yanatokana na mtu mmoja, aliyefariki dunia mwaka 1934. Jina lake ni Herbert Chapman. Yeye hakuwa mchezaji mashuhuri. Alipata sifa kwa kuifundisha timu yake njia mpya ya kushambulia, na kwa kuvumilia karibu miaka mitano mpaka njia hiyo ikaleta kombe la kwanza. Kwa hiyo nimeonelea niwaandikie wasomaji wetu maisha yake kwa kifupi.

Herbert Chapman alizaliwa tarehe 19 Januari 1878 katika kijiji cha Kiveton Park, Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Wenzetu wanaotoka Geita na Mwadui wanaijua kazi ya migodi na taabu zake, na katika kijiji kile vijana wengi hawakuwa na kazi nyingine ila hiyo. Herbert alipata bahati ya kusoma uhandisi wa migodi katika chuo cha ufundi mjini Sheffield. Mpira aliucheza pamoja na masomo na kazi, akihama timu hii kwenda ile. Mwenye sifa nyumbani kwao alikuwa mdogo wake, Harry, aliyechezea Sheffield Wednesday na kuchukua ubingwa wa ligi mwaka 1903 na 1904. Herbert alipokuwa Tottenham watazamaji walimjua zaidi kwa viatu vyake vya rangi ya manjano.

Mwaka 1907 alikabidhiwa timu ya Northampton Town, awe mchezaji na meneja kwa pamoja. Timu ile ilikuwa mkiani. Alipokuwa huko aligundua jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote, nalo ni kwamba timu inaweza kushambulia kupita kiasi. Ikimsukuma adui mpaka langoni kwake, wachezaji wote hujaa pale, na nafasi ya kupiga haionekani tena. Basi akawafundisha vijana wake kurudi nyuma kidogo, ili adui atoke na kuacha nafasi. Wavuvi wetu wa dagaa ziwani wanaelewa jambo hili. Hawawakimbizi dagaa usiku kucha, bali huwasha taa, hungoja wakusanyike, kisha huwazungushia wavu. Mwaka 1909 Northampton ilikuwa bingwa wa Ligi ya Kusini.

Mwaka 1912 alihamia Leeds City, na hapo ndipo alipopata msiba wa kazi yake. Vita vya kwanza vya dunia vilipopamba moto, Chapman alikwenda kusimamia kiwanda cha silaha huko Barnbow. Vita vilipokwisha, klabu ilishtakiwa kwamba ililipa wachezaji fedha kinyume cha sheria wakati wa vita. Viongozi wakakataa kuonyesha vitabu vya hesabu. Mwaka 1919 Leeds City ilifutwa katika ligi, na Chapman akafungiwa asishike kazi ya mpira tena. Akaendelea na kazi ya kiwandani kama watu wengine. Huddersfield Town ndiyo iliyomsaidia kukata rufaa, kwa hoja kwamba wakati wa malipo yale yeye alikuwa kiwandani Barnbow. Akasamehewa. Mwaka 1921 alianza kazi Huddersfield, mwaka 1922 timu ikachukua Kombe la FA, na mwaka 1924 na 1925 ikachukua ubingwa wa ligi.

Mtu mwingine angekaa pale astarehe. Yeye alikubali kwenda Arsenal mwaka 1925, na timu hiyo wakati huo ilikuwa haijapata kombe lolote kubwa. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Mwaka huo huo sheria ya kuotea ilibadilishwa, na yapasa nieleze kidogo ili msomaji asipotee. Sheria ya zamani ilidai kwamba mshambuliaji anayepewa pasi awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Kwa kuwa mlinda mlango ni mmoja na mabeki walikuwa wawili, beki mmoja akipanda mbele kidogo tu, mshambuliaji alikuwa ameotea. Mpira ukawa filimbi tupu, na watazamaji wakachoka. Sheria mpya ikataka wapinzani wawili tu. Mara washambuliaji wakawa kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Katika Ligi ya Uingereza mabao yalipanda kutoka 4,700 msimu wa 1924–25 hadi 6,373 msimu uliofuata.

Siku zile timu zilipanga mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Mchezaji tunayemwita namba tano, yaani senta hafu, alisimama katikati ya viungo, ndiye bwana wa uwanja. Alikaba apendapo na kushambulia apendapo. Sheria ya zamani ilimruhusu kutembea hivyo, lakini kwa sheria mpya akiondoka tu, nyuma hubaki mlango wazi.

Arsenal waliujua ukweli huo tarehe 3 Oktoba 1925, walipofungwa na Newcastle mabao 7 kwa 0. Nahodha wao, Charlie Buchan, alikuwa amependekeza tangu mwanzo wa msimu kwamba senta hafu arudi nyuma, asimame kati ya mabeki wawili. Baada ya kipigo kile Chapman alikaa na wachezaji wake wakazungumza. Hakumnyamazisha nahodha kwa kuwa yeye ndiye meneja. Alikubali. Lakini ukimtoa mtu mmoja kwenye kiungo hapana budi umweke mwingine mahali pake, kwa hiyo wakaamua mshambuliaji mmoja wa ndani arudi kiungo aunganishe nyuma na mbele. Buchan alitaka nafasi hiyo iwe yake. Chapman akakataa, maana alihitaji mabao yake, na kazi hiyo akapewa Andy Neil, aliyekuwa mchezaji wa timu ya tatu. Siku mbili baadaye, ugenini kwa West Ham, Arsenal ilishinda mabao 4 kwa 0.

Msomaji asidhani kwamba habari iliishia hapo kwa shangwe. Msimu ule Arsenal ilikuwa ya pili. Miaka iliyofuata ilikuwa ya 11, ya 10, ya 9, na mwaka 1930 ya 14. Mwaka 1927 ilifika fainali ya Kombe la FA, ikafungwa na Cardiff City bao 1 kwa 0. Mfumo ulikuwa umepatikana, lakini watu wa kuufaa walikuwa hawajapatikana, na waliopatikana walikuwa hawajauzoea. Chapman aliwatafuta mmoja mmoja. Namba tano akampata Herbie Roberts mwaka 1926, kijana mrefu aliyenunuliwa kwa pauni 200. Roberts hakutembea uwanjani kama masenta hafu wa zamani. Kazi yake ilikuwa kumzuia senta fowadi wa adui, basi, na aliifanya kwa uaminifu bila kutafuta makofi ya watazamaji.

Mgumu zaidi alikuwa Alex James, Mskoti mfupi mwenye kaptura pana, aliyenunuliwa mwaka 1929 kwa pauni 8,750. Huko Preston alizoea kufunga mabao mengi. Chapman alimtaka aache kufunga, arudi kiungo, apokee mpira kutoka kwa mabeki na kuupeleka haraka kwa mawinga. Mwanzoni James hakuipenda kazi hiyo, wala mchezo wake haukuwa mzuri. Ilimchukua miezi kukubali. Lakini alipokubali, timu nzima ilipata macho. Winga wa kushoto alikuwa Cliff Bastin, aliyesajiliwa mwaka 1929 akiwa na umri wa miaka 17, umri wangu mimi niandikaye. Chapman alimwona siku alipokwenda kumtazama mchezaji mwingine. Alimfundisha asing'ang'anie mstari wa pembeni, bali aingie ndani na kupiga golini. Msimu wa 1932–33 kijana huyo alifunga mabao 33 ya ligi akiwa winga.

Ukiuchora mfumo huo ubaoni, washambuliaji watano wanafanya herufi W, na walinzi pamoja na viungo wawili wanafanya herufi M. Ndiyo maana ukaitwa WM. Watu wengine waliulaumu kwamba ni wa kujificha nyuma, lakini waliofungwa walijua vinginevyo. Arsenal walikuwa wakiwaacha wapinzani waje, wakaupata mpira, na kwa pasi mbili au tatu James, Bastin na winga wa kulia Joe Hulme walikuwa wamekwisha kufika langoni.

Nimeandika haya kirefu kwa sababu muhula huu timu ya shule yetu imo katika safari ya namba hiyo hiyo. Mwalimu wa michezo ameacha njia ya kumpigia senta fowadi mipira mirefu ili akimbizane nayo. Sasa mpira hupita kwa viungo, na mawinga huingia ndani. Katika michezo mitatu ya kwanza tumefungwa miwili na kutoka sare mmoja. Bwenini wako wanaotaka turudi njia ya zamani, na siku ya wazazi nilisikia wazee wetu wawili wakimshauri mwalimu vivyo hivyo kwa upole. Mimi mwaka jana nilikuwa mfungaji wa timu. Mwaka huu nimerudishwa kiungo, na sijafunga hata bao moja. Najua basi Alex James alikuwa akijisikiaje, na najua kwamba mfumo mpya haubadili mstari wa ubaoni tu. Humtaka kila mtu aache kitu alichokuwa akikipenda.

Subira ya Chapman ilizaa tarehe 26 Aprili 1930. Siku hiyo Arsenal iliifunga Huddersfield, timu yake ya zamani, mabao 2 kwa 0 katika fainali ya Kombe la FA. Bao la kwanza lilifungwa na Alex James mwenyewe. Mwaka 1931 wakachukua ubingwa wa ligi kwa mabao 127 katika michezo 42, timu ya kwanza kutoka kusini ya Uingereza kufanya hivyo. Wakauchukua tena mwaka 1933. Hata hivyo mfumo si hirizi. Januari 1933 mabingwa hao walifungwa mabao 2 kwa 0 na Walsall, timu ndogo ya daraja la tatu, na Uingereza yote ikacheka.

Akili yake haikuishia kwenye mpango wa wachezaji. Mwaka 1928 timu yake ilivaa namba mgongoni, na ligi ililazimisha jambo hilo mwaka 1939 tu. Namba hizo zilifuata mpangilio wa zamani, mabeki wakiwa mbili na tatu, na viungo nne, tano na sita. Kwa kuwa senta hafu alikuwa amekwisha kurudi nyuma, namba yake ilirudi pamoja naye, na hivyo namba tano akawa beki mpaka leo, hata katika uwanja wa Nyamagana. Mwaka 1932 alifaulu kuwafanya wenye reli ya London wakiite kituo cha jirani kwa jina la Arsenal, na mwaka huo huo alifunga taa uwanjani, ingawa michezo rasmi ya usiku ilikuwa bado hairuhusiwi. Mwaka 1933 akaitia jezi mikono myeupe.

Siku za kwanza za mwaka 1934 alisafiri kaskazini kutazama michezo ya timu nyingine, akashikwa na mafua makali. Daktari alimkataza kutoka. Lakini timu yake ya tatu, vijana wasiojulikana na mtu, walikuwa wakicheza Guildford, naye akaenda kuwatazama kwenye baridi. Mafua yakageuka homa ya mapafu. Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Januari 1934, akiwa na miaka 55. Mchana wa siku hiyo wachezaji wake waliingia uwanjani kwa huzuni wakatoka sare ya 1 kwa 1 na Sheffield Wednesday.

Baada ya kifo chake Arsenal ilichukua ubingwa wa 1934 na wa 1935, ukawa ubingwa wa mara tatu mfululizo. Huddersfield nao, baada ya yeye kuondoka, walichukua ule wa 1926, ukawa pia wa tatu mfululizo. Timu zote mbili alizianzishia yeye, na zote mbili zilimaliza bila yeye.

Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani Novemba na kuondoka. Ikiwa njia mpya ya timu yetu itazaa, watakaokula matunda yake ni vijana walio sasa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Kwa hiyo nawaomba wenzangu, walimu na wazazi wasimshurutishe mwalimu wetu kurudi nyuma kwa ajili ya michezo mitatu. Akitaka shauri la wachezaji, tumpe kama Buchan alivyompa Chapman. Akitupa kazi tusiyoipenda, tuifanye. Mimi nitabaki kiungo mpaka siku nitakayorudisha jezi stoo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne