Makhan Singh: Singasinga aliyedai uhuru wa Tanganyika kabla ya TANU

Mei Mosi hapa Kayanga tunaijua vizuri. Mabango, fulana, hotuba za mishahara, halafu kila mtu anarudi nyumbani. Ila simama pale stendi umuulize mtu Makhan Singh ni nani, sidhani kama utapata jibu haraka. Siwalaumu, hata mimi nimemjua ukubwani.

Alizaliwa Desemba 1913 kijiji cha Gharjakh, Punjab, ambako leo ni Pakistan. Mwaka 1927, akiwa na miaka 13, akaletwa Nairobi kwa baba yake. Baadaye familia ikawa na kiwanda kidogo cha uchapaji, na kijana akafanya kazi humo. Kwa mtu mwenye mambo ya kusema, mashine ya kuchapa vipeperushi ni silaha tosha.

Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na mapema kabisa wakakifungua kwa watu wa rangi zote. Zama hizo haikuwa jambo dogo. Mshahara ulifuata rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini kabisa. Mwaka 1937 mafundi wa Nairobi wakagoma siku 62, na mabosi wakasalimu amri: nyongeza ya asilimia 15 hadi 25.

Mwishoni mwa 1939 alikwenda India. Waingereza wakamkamata huko mwaka 1940 na kumweka kizuizini. Aliporudi Kenya mwaka 1947 serikali ikajaribu kumfukuza nchini, ikashindwa mahakamani.

Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai wakaunganisha vyama kadhaa kuwa shirikisho moja la wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Kubai rais, Singh katibu mkuu. Serikali ikagoma kulisajili. Machi 1950 Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji, shirikisho likawaambia wafanyakazi wasusie sherehe. Washerehekee nini na mishahara ile?

Sasa njoo Aprili 23, 1950, Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Kwenye mkutano wa hadhara wa Waafrika na Wahindi, Singh akatoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Hakusema Kenya tu. Tanganyika ilikuwemo, na Karagwe yetu ilikuwa ndani ya Tanganyika. TANU ilikuja kuzaliwa Julai 7, 1954, zaidi ya miaka minne baadaye!

Zikapita wiki tatu hivi. Mei 15 Singh na Kubai wakakamatwa.

Kesho yake Nairobi ikagoma. Watu waliacha kazi na kukusanyika kwenye mitaa ya Waafrika kama Pumwani. Polisi wakaja na mabomu ya machozi na magari ya deraya, ndege za kijeshi zikipita juu ya vichwa vyao. Wakitawanywa hapa, wanakusanyika pale. Madai yao yalikuwa wazi: viongozi waachiwe, akiwemo Chege Kibachia wa mgomo wa Mombasa wa 1947 ambaye bado alikuwa kizuizini, na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Mgomo ukaenea hadi miji mingine, Mombasa ikiwemo, ukadumu siku tisa hivi. Singh mwenyewe baadaye aliandika kwamba zaidi ya watu 100,000 walishiriki. Mamia walikamatwa.

Hapa ndipo huwa nasimama kidogo. Wengi wa wale waliopigwa mabomu walikuwa Waafrika wa mishahara ya chini kabisa, na mmoja wa watu waliomtetea barabarani alikuwa Mhindi mwenye kilemba. Serikali iliyotawala kwa kugawa watu kirangi haikuwa imejiandaa kwa hilo.

Viongozi hawakuachiwa. Singh akapelekwa kizuizini kaskazini mwa Kenya: Lokitaung, Maralal, Dol Dol. Mke na watoto wakabaki Nairobi. Aliambiwa anaweza kuwa huru akikubali kwenda India, akakataa. Akatoka Oktoba 1961, baada ya zaidi ya miaka 11. Jomo Kenyatta, ambaye wengi tunamjua kama mfungwa mkuu wa Kenya, aliingia baada yake na kutoka kabla yake.

Uhuru ulipokuja, Singh alikuwa KANU lakini hakupewa cheo chochote cha maana serikalini. Pengine ukomunisti wake, ambao aliukiri waziwazi mahakamani, uliwatisha wakubwa wapya kama ulivyowatisha wa zamani. Akakaa chini akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya, ikatoka mwaka 1969.

Alifariki Nairobi Mei 18, 1973, akiwa na miaka 59. Kitabu chake cha pili kilichapishwa mwaka 1980, miaka saba baada ya kifo chake.